Chama cha Wafanyakazi na Mgogoro wa Kanuni za Kazi

Migogoro ya kazini haihusu mshahara peke yake. Saa ya kuripoti kazini, upekuzi wa getini, zamu za usiku, matumizi ya simu, ruhusa ya ugonjwa na makato ya kifaa kilichovunjika ni mambo yanayogusa maisha ya mfanyakazi kila siku. Yote hutawaliwa na kanuni ambazo mara nyingi mwajiri huziandika peke yake. Mfanyakazi huzikuta zimebandikwa ukutani, au huzisaini siku ya kwanza kabla hajazisoma. Mgogoro huzuka anapodaiwa kuzivunja, au pale wafanyakazi wanapoona kwamba kanuni yenyewe ni ya uonevu. Kama chama cha wafanyakazi humsaidia mtu aliye katika hali hiyo au humkwamisha ni swali ambalo Tanzania ina historia ndefu ya kulijibu, na historia hiyo ina majibu ya pande zote mbili.

Msingi wa sheria iliyopo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2006. Kifungu cha 37 kinamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwake. Ufafanuzi uko katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Kanuni ya 12 haiishii kuuliza kama mfanyakazi alivunja kanuni ya kazi. Inauliza pia kama kanuni hiyo ni ya busara, kama inaeleweka bila utata, kama mfanyakazi aliifahamu au alitarajiwa kuifahamu, kama mwajiri amekuwa akiitumia kwa usawa, na kama kufukuzwa ndiyo adhabu inayostahili kosa hilo.

Maswali hayo yana uzito mkubwa, lakini hayamsaidii mtu asiyejua kwamba yapo. Chukua lile la usawa. Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kuchelewa hawezi, akiwa peke yake, kujua kwamba mwaka uliopita wenzake wawili wa idara nyingine walichelewa vilevile wakapewa onyo tu. Majalada yako kwa ofisa rasilimali watu. Tawi la chama linaloketi katika kila kikao cha nidhamu linakuwa na kumbukumbu yake lenyewe ya nani alifanya nini na alipewa adhabu gani. Hapa ndipo msaada wa chama unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote, ingawa si jambo linalotangazwa majukwaani siku ya Mei Mosi.

Sheria ya 2004 imeweka nafasi rasmi kwa kazi hiyo. Kifungu cha 62 kinaruhusu wawakilishi wa chama mahali pa kazi kulingana na idadi ya wanachama: 1 kwa wanachama hadi 9, 3 kwa wanachama 10 hadi 20, 10 kwa wanachama 21 hadi 100, na 15 wanachama wanapozidi 100. Kazi zao ni pamoja na kuwawakilisha wanachama katika vikao vya malalamiko na nidhamu, na kutoa maoni kwa niaba yao kuhusu kanuni zenyewe. Jukumu hili la pili ndilo linalosahaulika. Kanuni inayojadiliwa kabla ya kubandikwa ukutani inaweza kurekebishwa bila mtu yeyote kupoteza kazi. Ikisubiri hadi mtu ashtakiwe, mjadala wake unageuka kuwa mjadala wa mkate wa mtu mmoja na watoto wake.

Kwenye kikao cha nidhamu, mshtakiwa anatakiwa apewe taarifa ya tuhuma kwa namna na lugha anayoweza kuielewa, apate muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na asaidiwe na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kenya imeweka haki ya namna hiyo katika kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Nchini Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1975, katika shauri la Weingarten, kwamba mfanyakazi aliye chini ya chama ana haki ya kuomba mwakilishi awepo katika mahojiano anayoona kwa sababu za msingi kwamba yanaweza kumletea adhabu. Sababu inafanana kila mahali: mtu mwenye hofu hujieleza vibaya. Hukubali asichokitenda na kusahau ushahidi unaomwokoa, na anachokisaini pale ndicho kinachomfuata hadi mbele ya chombo cha migogoro ya kazi, ambacho Tanzania ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Historia, hata hivyo, inaonyesha chama kikifanya kinyume. Shirikisho la vyama vya Tanganyika, TFL, lililoanzishwa mwaka 1955 na kuongozwa na Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, lilikuwa na nguvu ya kugombana na waajiri wa kikoloni. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 lilivunjwa, na mahali pake sheria ikaunda chama kimoja, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo sheria ya usalama wa ajira ilileta kamati za wafanyakazi, ambazo mwajiri alipaswa kushauriana nazo kabla ya kutoa adhabu, pamoja na orodha ya makosa na adhabu zake. Ilikuwa hatua kubwa, kwani kabla yake neno la msimamizi lilitosha kumwondoa mtu. Lakini sheria hiyohiyo ilizifungia mahakama za kawaida mlango wa mashauri hayo, na uamuzi wa mwisho ukawa wa waziri. Mfanyakazi alipata kinga, akapoteza uhuru wa kuchagua nani amtetee.

Kasoro hiyo ilijitokeza baada ya Mwongozo wa 1971 wa chama tawala, TANU, ambao ibara yake ya 15 ilikataza majivuno na uonevu wa viongozi. Wafanyakazi wa viwandani waliuchukua kama kanuni inayomfunga meneja. Migomo iliyofuata hadi 1973 haikudai nyongeza ya mshahara kwa kiasi kikubwa. Ilidai heshima, ikapinga matusi na adhabu za kiholela. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walifika hatua ya kuendesha kiwanda wenyewe. NUTA haikuongoza harakati hizo. Issa Shivji, aliyeandika sana juu ya tabaka la wafanyakazi wa Tanzania, alionyesha jinsi chama kilichofungamana na dola kilivyobaki nyuma ya watu wake. Ni haki kusema kwamba hapo chama kilikuwa kikwazo. Kilipewa kazi ya kutuliza mahali ambapo kilitakiwa kusemea.

Kufungamana na dola si njia pekee ya kukwamisha. Chini ya kifungu cha 67 cha sheria ya 2004, chama kinachowakilisha wafanyakazi walio wengi katika kundi husika hutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Mkataba wa hali bora kinaousaini unawabana hata wasio wanachama, nao wanaweza kukatwa ada ya uwakala. Mpango huu una mantiki, kwa kuwa mwajiri hawezi kujadiliana na makundi 20. Hatari yake ni kwamba wachache wanaweza kuuzwa na walio wengi. Mfano mchungu unatoka Marekani: katika shauri la Steele la mwaka 1944, chama cha wachochea moto wa treni kilichowakataa watu Weusi uanachama kilikuwa kimekubaliana na kampuni za reli kuwaondoa watu haohao kazini hatua kwa hatua. Mahakama Kuu ilitamka kwamba anayepewa mamlaka ya kuwasemea wote ana wajibu wa kuwatetea wote kwa haki.

Yapo pia madhara ya ucheleweshaji, ambayo hayana kelele. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mfanyakazi anayeambiwa asubiri kwa kuwa viongozi wanaongea na uongozi wa kampuni anaweza kumaliza siku zake akisubiri, kisha alazimike kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Na hawezi kutegemea mgomo. Sheria hairuhusu kugoma kwa malalamiko yanayohusu utekelezaji wa sheria, mkataba wa ajira au mkataba wa hali bora. Hayo huenda kwenye usuluhishi, kisha uamuzi. Katika migogoro ya kanuni, basi, nguvu ya chama haiko barabarani. Iko katika uwezo wa mwakilishi mmoja wa tawi kusoma hati ya mashtaka, kuomba jalada na kuuliza maswali ya Kanuni ya 12 kwa mpangilio.

Kwa sababu hiyo, chama kinachopeleka sehemu kubwa ya michango makao makuu na kuwaacha wawakilishi wa matawi bila mafunzo kinawanyima wanachama kile hasa walichokilipia. Kinachowafundisha, kinachowaacha wachaguliwe kwa kura za wanachama wenyewe, na kinachodai kuona rasimu ya kila kanuni mpya, kinamsaidia mfanyakazi kwa namna ambayo wakili aliyekodiwa baada ya kufukuzwa hawezi kuifikia.

Wanaohitaji juhudi hiyo zaidi ni wale ambao sheria haijawafikia. Kifungu cha 35 kinawaweka nje ya kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki wafanyakazi wenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Vyama vinapojadili mkataba wa hali bora, vidai ndani yake kikao cha nidhamu na haki ya kusikilizwa kwa wafanyakazi hao pia, kwa sababu sehemu hiyo ya sheria haiwapi.