Jasho la Mhamiaji na Sheria ya Nchi Gani
Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Tume ya Haki na Amani, Kanda ya Shinyanga na Geita

 

Nimeombwa niseme nanyi juu ya hifadhi ya jamii ya watu wetu wafanyao kazi nje ya mipaka ya nchi. Nakiri mbele yenu kwamba seminarini tulifundishwa sheria za Kanisa. Sheria za mifuko ya pensheni hatukufundishwa. Nilijifunza kwa kulazimika, na aliyenilazimisha ni mjane mmoja.

Mama huyo alifika ofisini parokiani akiwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Mumewe alikuwa mpiga drili. Alianza kazi katika kanda yetu hii, akiajiriwa na kampuni ya mkandarasi iliyochimba kwa niaba ya mwenye mgodi. Baada ya miaka kadhaa kampuni ile ikapata kazi nchini Kongo, ikamhamishia huko pamoja na wenzake. Mkataba aliutia sahihi hapa Tanzania, mshahara ukalipwa kutoka huko. Siku moja mwamba ukamwangukia chini ya ardhi. Mwili ulirudishwa kwa gharama ya kampuni, jeneza likiwa zuri kuliko nyumba aliyoiacha, na rambirambi zikasomwa makaburini.

Shida ilianza baada ya matanga. Ofisi ya kampuni ya hapa ilimwambia mjane kwamba mumewe alifia Kongo, alikuwa katika orodha ya malipo ya Kongo, na michango yake ya hapa ilikoma mwezi ule alipovuka mpaka. Ofisi ya kule ikamwandikia kwamba mfanyakazi huyo aliazimwa kutoka Tanzania, kwa hiyo madai yapelekwe Tanzania. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Hakuna aliyekana kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi, wala aliyekana kwamba alifia kazini. Kila mmoja alimkubali, ila alimkubali kwa niaba ya mwenzake.

Basi swali letu la leo ni hili: mtu akizaliwa katika nchi moja, akaajiriwa na kampuni ya nchi ya pili, akafanya kazi katika nchi ya tatu, ni sheria ya nchi gani inayomlinda?

Kanuni kuu ambayo mataifa mengi yameikubali ni nyepesi kukumbuka: mtu huchangia na kulindwa pale anapofanyia kazi. Jasho linapodondoka, hapo ndipo sheria inapomfuata. Haitazamwi sana alikozaliwa, wala familia yake inapolala, wala makao makuu ya kampuni yalipo. Mrundi aliyeajiriwa Geita yuko chini ya sheria ya Tanzania sawasawa na Msukuma wa Nyarugusu: mwajiri amwandikishe NSSF, na amchangie katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango mwaka 2015. Katika mfuko huu wa fidia mwajiri peke yake ndiye anayechangia. Akikukata mshahara kwa ajili hiyo, amekuibia. Kwa upande wa fidia za ajali kazini usawa huu una umri mkubwa. Mkataba Na. 19 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania imeuridhia, ni wa mwaka 1925, nao unataka mgeni aliyeumia kazini atendewe kama mwenyeji, yeye na wategemezi wake.

Lakini kanuni hii ina mlango wa pembeni, na mume wa mama yule alipotelea katika mlango huo. Kampuni ikimtuma mfanyakazi wake nchi nyingine kwa muda mfupi, haifai kumng'oa katika mfuko wa nyumbani na kumwandikisha upya ugenini kwa kazi ya miezi michache. Kwa hiyo nchi zenye mapatano hukubaliana kwamba mtumwaji abaki katika sheria ya kwao. Huko Ulaya muda huo hauzidi miezi 24, naye hupewa hati ya kuonyesha kwamba anaendelea kuchangiwa nyumbani. Hati ile ndiyo kiini cha jambo. Bila hati, na bila mapatano kati ya nchi mbili, neno "ametumwa" halina mashiko. Mwajiri anaweza kulitumia kule ili asichangie kule, na kulisahau hapa ili asichangie hapa. Mtumishi wake anabaki juu ya daraja, hana upande.

Msidhani kwamba wenzetu wa Ulaya walizaliwa na hekima hiyo. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulizuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Marcinelle nchini Ubelgiji, wakafa wachimbaji 262. Kati yao 136 walikuwa Waitaliano, watu waliokwenda huko kwa sababu ya umaskini wa kwao, kama vijana wetu wanavyokwenda leo. Wajane wengi walikuwa vijijini Italia. Mwaka 1958 Jumuiya ya Ulaya, ikiwa bado changa kabisa, ilitoa kanuni za hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wahamiaji, nazo ni miongoni mwa kanuni zake za mwanzo kabisa.

Wala si Ulaya tu. Majirani zetu hapa, Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule, walitiliana sahihi mkataba wa jumla wa hifadhi ya jamii mwaka 1978 chini ya Jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu. Vita na uadui uliofuata vinajulikana. Utekelezaji wake uliyumba sana. Hata hivyo nautaja kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri.

Sisi wenyewe tuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 10 kinampa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii kama wenyeji. Lakini kifungu hicho hicho kiliacha namna ya kutekeleza mikononi mwa Baraza la Mawaziri, litunge kanuni, na kazi ya kuziandaa imekula miaka mingi. Kwa hiyo mtu asiondoke hapa akidhani kwamba miezi yake ya Tanzania na ya ugenini inajijumlisha yenyewe.

Niwape mfano wa hesabu, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopoteza uzee wao bila kujua. Hapa kwetu NSSF, ili mtu apate pensheni ya kila mwezi uzeeni, anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Rwanda nao wanadai miaka 15. Chukueni mtu aliyechangia hapa miezi 112, kisha akaajiriwa Rwanda akachangia miezi 84. Jumla ni miezi 196. Amefanya kazi ya kutosha kupata pensheni, lakini kila mfuko ukitazama daftari lake peke yake unamwona amepungukiwa. Atalipwa mkupuo hapa na mkupuo pale, fedha zitanunua ng'ombe wawili watatu na mabati, kisha uzee uliobaki atautegemeza kwa watoto.

Nchi zilizopatana hufanya hivi: kila mfuko huhesabu miezi yote 196 ili kuona kama mtu amestahili. Akistahili, kila mfuko hulipa sehemu yake tu, kwa kipimo cha miezi iliyochangiwa kwake. Hapa Tanzania ingekuwa sehemu nne kati ya saba, na Rwanda sehemu tatu kati ya saba. Hakuna nchi inayobeba mzigo wa nchi nyingine. Nimewaeleza jambo hili wanafunzi wa sekondari wakalielewa kwa dakika kumi.

Uganda hesabu ni tofauti, maana mfuko wao ni wa akiba: mwajiri hutoa asilimia 10, mfanyakazi asilimia 5, na mwanachama hulipwa akiba yake na faida. Huko hofu si kupungukiwa miezi, bali ni kurudi nyumbani bila namba ya uanachama na kuiacha akiba ikilala.

Kuna jambo la kutisha zaidi, nalo ni vumbi. Mwamba unaovunjwavunjwa hutoa vumbi linaloganda katika mapafu, na ugonjwa wake, silikosisi, huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kuchimba. Kijana amepiga drili Bulyanhulu, akaenda Kongo, akaishia Msumbiji. Anaanza kukohoa akiwa Kahama. Nani amlipe? Ulaya walikata shauri kwamba hulipa nchi ya mwisho ambako alifanya kazi ya kuweza kumletea ugonjwa ule, ikiwa masharti ya sheria yake yametimizwa, ili mgonjwa asizungushwe. Sisi hatuna kanuni ya namna hiyo. Kabla ya Uhuru vijana wa Rungwe na Mbeya waliandikishwa na Wenela wakachimbe dhahabu Afrika Kusini. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya kuwalipa fidia wachimbaji wa dhahabu wenye silikosisi na kifua kikuu, lakini ni wale tu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Wazee wetu walioacha kazi kabla ya siku hiyo hawamo.

Sasa naomba tujitazame sisi wenyewe, na hapa huenda baadhi yenu hamtanipenda. Tumelalamika juu ya makampuni. Lakini wengi wanaovuka mpaka kuja kwetu hawafanyi kazi katika migodi mikubwa. Wako katika maduara na makarasha, na maduara mengine ni ya Wakristo wenzetu, pengine ya mtu anayekaa kiti cha mbele katika Halmashauri ya Walei. Mgeni hushuka kwa kamba, hulipwa viroba vya mawe, na duara likititia mwenye duara husema: yule hakuwa mwajiriwa wangu, tulikuwa tunagawana. Jueni kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, haiangalii tu jina ambalo mmeupa uhusiano wenu. Inauliza: nani alimwamuru saa za kazi na namna ya kufanya? Nani alimpa vifaa? Je, alimtegemea mtu huyo kwa riziki yake? Kukiwepo jambo mojawapo la namna hiyo, atadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine.

Nafahamu kwamba mgeni wa namna hiyo aghalabu hana kibali cha kazi. Kibali ni sheria, nasi tuitii. Lakini mwenye duara aliyemchukua kwa sababu hana kibali, akijua kwamba hataweza kushtaki, asije kuniambia kwamba anatetea sheria za uhamiaji. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, likimtaja kibarua ambaye ujira wake usicheleweshwe hata jua likachwe, linamtaja ndugu na mgeni kwa pamoja. Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye katika ujana wake alivunja mawe machimboni karibu na Krakow, aliwatengea wahamiaji sehemu nzima katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, akadai wasiwe na haki pungufu kuliko wafanyakazi wengine.

Tufanye nini, wakati tunasubiri wakubwa wapatane? Kijana anayeaga kwenda ng'ambo ya mpaka, kabla ya kumwombea safari njema, mwulizeni: nani atakuwa mwajiri wako kwa maandishi? Atakuchangia katika mfuko wa nchi gani? Akisema "umetumwa tu", hati iko wapi? Mkataba autolee nakala, na nakala moja ibaki kwa mkewe au kwa mama yake; siyo yeye aondoke nazo zote zikafukiwa pamoja naye. Namba ya uanachama iandikwe, na hati za mshahara zitunzwe hata kama ni za mwezi mmoja. Majina ya wategemezi yasahihishwe kila ndoa na kila mtoto. Na aliye katika NSSF hapa, kazi ikikoma, aulize kama anaweza kuendelea kujichangia kwa hiari ili miezi yake isikatike.

Kuhusu ndoa, niongeze neno moja kama paroko. Mjane wangu alifunga ndoa Kanisani, cheti kipo. Kwa sababu hiyo mafao yake ya hapa nyumbani yalilipwa, ingawa kwa kuhangaika. Wanawake wengine wawili waliofiwa katika ajali ile ile walikuwa hawana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba walikuwa wake za watu.

Fidia ya ajali yenyewe haijalipwa hadi leo. Tumeandika barua tatu, mbili hapa na moja kule, ya kule kwa Kifaransa kwa msaada wa padre mwenzangu wa Bukavu. Nakala zimo katika kabati la ofisi ya parokia.

Katibu wa Tume amekuja na daftari jipya. Kila mwenye ndugu aliyeko Kongo, Uganda, Rwanda, Kenya au Msumbiji, na kila mwenye mgeni anayemfanyia kazi katika duara au karasha lake, abaki nasi kidogo baada ya chakula cha mchana. Tutaanza na Jumuiya za upande wa Msalala, kwa kuwa gari lao huondoka saa tisa.