SOMO LA LEO: NANI ANALIPA HOSPITALINI?

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: KODI, GHARAMA, MSAMAHA. Haya, tusikilizane.

Tuseme wewe unakaa Kizwite, hapa Sumbawanga. Usiku mtoto wako wa miaka mitatu anashikwa na homa kali. Fedha huna, mahindi bado yako shambani. Je, utampeleka hospitali, au utangoja? Watu wengi hungoja. Lakini ugonjwa haungoji.

Basi tuulize: nani analipa hospitalini?

Zamani, kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwako mganga Adrian Atiman. Alipokuwa mtoto aliuzwa utumwani. Akakombolewa, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali moja mjini Sumbawanga ina jina lake. Wakati ule kazi hiyo ilibebwa na misheni.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilitaka wananchi watibiwe bure. Lakini angalia neno hili "bure". Dawa ilinunuliwa, na mwuguzi alipata mshahara. Aliyelipa ni mwananchi, kwa kodi yake. Baadaye fedha hazikutosha. Kuanzia mwaka 1993, wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Hata hivyo, wengine walipewa msamaha: watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na maskini.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme zahanati imepokea wagonjwa 10, na gharama ya kila mmoja ni shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 50,000. Wagonjwa 4 wana msamaha. Wale 6 wanalipa shilingi 30,000. Zimepungua shilingi 20,000. Nani atazileta?

Hizo ni fedha za kuletwa na Serikali, kutoka katika kodi. Zisipofika, dawa hazinunuliwi. Ndipo mama mjamzito, aliyeambiwa kwamba matibabu ni bure, hutumwa dukani kununua glovu. Msamaha upo kwenye karatasi. Kabatini hamna kitu.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo iliweka mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Miongoni mwa vyanzo vya fedha zake ilitaja ushuru wa soda na vileo. Umeona? Hata mtu maskini anunuapo soda sokoni, analipa kodi. Kwa hiyo, aendapo hospitali haendi kuomba sadaka. Anakwenda kwenye nyumba aliyosaidia kuijenga.

Lakini haki usiyoijua haikufai. Wewe sasa unajua kusoma. Fanya mambo matatu:

1. Ufikapo hospitali, soma matangazo ya ukutani. Tazama bei, na tazama nani ana msamaha.

2. Kama jirani yako hana uwezo, mpeleke kwa mtendaji wa mtaa aulize habari za barua ya msamaha. Asingoje mpaka augue.

3. Nenda kwenye mkutano wa mtaa. Uliza: fedha za dawa zilizoletwa ni kiasi gani? Zimenunua nini? Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Sasa turudi kwa yule mtoto mwenye homa. Ana miaka mitatu. Msamaha ulikuwa wake, na mzazi wake hakujua. Ndiyo sababu tunajifunza kusoma.

MASWALI
1. Mganga Atiman alifika Karema mwaka gani?
2. Wagonjwa 10 wakija, na 5 wana msamaha, zitapungua shilingi ngapi?
3. Katika mtaa wako, nani anangoja nyumbani kwa kukosa fedha? Mtamsaidiaje?