Moshi wa Kampuni za Mafuta: Tuulize Hesabu

Leo tuzungumze juu ya kampuni za mafuta na gesi. Kule Norwei, gesi ya visima vya Sleipner, baharini, hutoka ikiwa imechanganyika na hewa ya kaboni, ile inayoongeza joto duniani. Mwaka 1991 serikali ilianza kuitoza kodi hewa hiyo. Basi kampuni ikapiga hesabu, ikaona heri kuizika kuliko kuilipia. Kuanzia 1996 ikaisukuma chini ya sakafu ya bahari, kama mita 1,000, ndani ya mwamba wa mchanga. Hapo walifanya vyema. Lakini gesi ikishauzwa na kuchomwa jikoni au kiwandani, moshi wake hauzikwi. Kwa hiyo tukisikia kampuni ikijisifu, tuulize: moshi gani mmehesabu, na upi mmeuacha?