Mizizi ya Benaco

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi takriban 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja na kutua Benaco, wilayani Ngara, miti ya eneo lile, iliyowapatia kuni na nguzo za vibanda, ilikatwa upesi kuliko ilivyoweza kuota. Hatuwalaumu, mwenye watoto wenye njaa hana budi kuwasha moto.

Lakini hasara haikuishia kwenye kivuli, maana mti hunywa maji kwa vinyweleo vyembamba vya mizizi, ukayapokea pamoja na naitrojeni, fosforasi na chumvichumvi nyingine za ardhi, yakapanda hadi majanini, ambamo rangi ya kijani, ikinasa nuru ya jua, huyageuza maji na hewa ya kabonidayoksaidi kuwa sukari, ambayo ndiyo asili ya riziki yetu sote. Ardhi ikivuliwa miti, mvua huuchukua udongo wenye rutuba, na mche hudhoofu ijapokuwa jua ni tele.

Enyi wakulima wa Ngara na Biharamulo, tafadhalini, apandaye mti autie samadi, atandaze majani makavu shinani, na awazuie mbuzi hadi mizizi ishike.