Deni Linalokuja na Nyumba

Anayenunua nyumba mjini Wote, Makueni, au mjini Kitui asidhani bei aliyopatana na muuzaji ndiyo mwisho. Mthamini wa serikali huja kukagua: kuta, paa, tangi la maji, kisha hukadiria thamani. Ushuru wa stempu hutozwa kwa thamani hiyo, asilimia 4 ndani ya manispaa na 2 mashambani, na mnunuzi ndiye mlipaji. Kaunti nayo, kwa mamlaka ya kifungu cha 209 cha Katiba, hudai kodi yake ya ardhi. Bila cheti cha kutodaiwa, umiliki hauhamishwi. Hapa ndipo wanyonge huumia, maana malimbikizo ya muuzaji hufuata ploti. Kaunti za Kitui na Makueni ziweke madeni hayo wazi, mtu ayaone kabla hajatoa hata shilingi.