Barua ya Mwenyeji: Kismayu, Nairobi na Siri Tulizosimuliwa na Wengine

(Mazungumzo mbele ya wana Afrika Mashariki waishio Guangzhou)



Najua wengi mmetoka Xiaobei na Sanyuanli moja kwa moja, miguu inawauma, na wengine kontena zenu zinafungwa kesho asubuhi. Sitawachosha. Niliombwa nizungumzie usalama wa mizigo, lakini nimeomba ruhusa niseme jambo ambalo limekaa moyoni mwangu tangu mwaka 2013. Kama hampendi siasa, vumilieni. Mizigo yetu mingi mwisho wake ni Eastleigh, tunanunua na kupakia bega kwa bega na Wasomali, kwa hiyo vita vya kule tunakaa navyo meza moja hapa hapa.

Mwanzoni mwa Julai 2013 nilikuwa ghalani na mteja wangu mmoja, mzee wa Kisomali aliyezaliwa Kismayu. Siku hizo habari ilikuwa moja tu: barua ya siri ya serikali ya Mogadishu kwenda Umoja wa Afrika ilikuwa imevuja, na BBC wameipata. Barua ilililaumu jeshi letu la Kenya. Ilisema kwamba vikosi vyetu Kismayu vimeegemea upande mmoja katika ugomvi wa wanamgambo, kwamba vimemkamata ofisa mwandamizi wa jeshi la Somalia, na kwamba silaha nzito zimetumika penye makazi ya raia. Ikaomba liletwe jeshi la mchanganyiko wa mataifa, lisilo na upande.

Mimi nilipandwa na hasira. Nikamwambia yule mzee, hivi jamani, vijana wetu wanafia kwenu halafu shukrani yenyewe ndiyo hii? Na nani huyo aliyeitoa barua nje? Akaniangalia, akasema: "Wewe unauliza nani kaitoa. Mbona huulizi kama ni kweli?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli sikulitafuta. Huku Nairobi jeshi likakanusha, magazeti yakaandika siku mbili tatu, basi. Kisha Septemba ikaja Westgate, watu 67 wakauawa, na nani tena angekuwa na moyo wa kuuliza habari za barua?

Sasa naomba nieleweke. Sisemi barua ile ilikuwa msahafu. Mogadishu nao walikuwa na lao. Hawakumtaka Ahmed Madobe, aliyekuwa ametangazwa rais wa Jubaland mwezi Mei mwaka huo huo, na walijua kwamba bila Ras Kamboni na bila Wakenya asingekaa pale. Mwenye kesi hawezi kuwa shahidi pekee. Lakini mwenyeji anapomwandikia mkubwa wa mgeni wake barua ya namna hiyo, mwenye akili anauliza kimetokea nini ndani ya nyumba. Mwezi Juni watu makumi walikuwa wamekufa Kismayu katika mapigano ya wanamgambo hao. Mwezi Julai wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba mkaa unaendelea kupakiwa bandarini Kismayu, ilhali Baraza la Usalama lilikwisha upiga marufuku Februari 2012. Nairobi ikakanusha hilo pia. Hapa nyote ni wafanyabiashara, hamhitaji niwaeleze kwamba meli haipakii gizani bila mwenye bandari kujua.

Tena tulikuwa tumeonywa mapema. Desemba 2010 zilipotoka zile nyaraka za ubalozi wa Marekani kupitia WikiLeaks, mojawapo ilieleza kikao cha Januari 2010 mjini Addis Ababa. Waziri wetu wa Mambo ya Nje wakati huo, Moses Wetang'ula, alimbembeleza Johnnie Carson, Mmarekani aliyeshughulikia Afrika, aunge mkono mpango wa Jubaland. Carson alionyesha wasiwasi mkubwa, kwamba mpango unaweza kuwageukia wenyewe. Oktoba 2011 jeshi likavuka mpaka. Tuliambiwa ni kwa sababu ya watu waliotekwa Lamu na Dadaab, na kweli walitekwa, sikatai. Lakini ramani ilikuwa mezani kabla ya watekaji kufika Lamu, na tulilijua hilo kwa sababu siri ya Wamarekani ilivuja. Bunge letu halikutuambia.

Nyaraka hizo hizo za 2010 ziliwafikia Waingereza nao. Zilionyesha kwamba Rais Karzai, gavana wa Helmand na jenerali wa Kimarekani Dan McNeill walikuwa wakiwasema vibaya askari wa Uingereza huko Helmand, hasa Sangin, kwamba hawakuweza kulinda mji. Waingereza waliumia sana. Fikiria mama aliyemzika mwanawe anasoma gazetini kwamba marafiki walikuwa wakimcheka nyuma ya mgongo. Lakini mama yule alikuwa na kitu ambacho mama wa kwetu hana. Kila askari aliyekufa alitangazwa jina lake, na majeneza yakapitishwa mji wa Wootton Bassett watu wamesimama barabarani. Mwisho wa hesabu walikuwa 457, na hesabu hiyo ilitolewa na serikali yao wenyewe. Kwa hiyo walipogombana juu ya Helmand, waligombana wakijua bei waliyolipa.

Sisi je?

Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde, mkoa wa Gedo, ilivamiwa na Al-Shabaab alfajiri. Wengi wa vijana wale walitoka kikosi cha 9 Kenya Rifles, Eldoret. Tarehe 27 Januari ikafanywa ibada pale Moi Barracks. Alikuwepo Rais Kenyatta, alikuwepo Buhari wa Nigeria aliyekuwa ziarani, na alikuwepo Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, amekuja kutoa pole. Hotuba zikatolewa. Idadi ya waliokufa haikutajwa.

Mwezi uliofuata, Hassan Sheikh akihojiwa na televisheni ya Kisomali, katika kueleza kwa nini alikwenda Eldoret, akasema kwamba askari kama 180 au karibu 200 waliotumwa kuwasaidia wanapouawa siku moja si jambo dogo. Alikuwa akiwasifu. Nairobi ikaruka, ikakanusha, lakini hesabu yake wenyewe haikuitoa. Miaka ikapita, na hesabu kamili rasmi haikutoka.

Hebu tafakarini. Mpango wa vita tuliujua kupitia Wamarekani. Mwenendo wa vita tuliujua kupitia barua ya Mogadishu. Na vifo vya watoto wetu tuliambiwa na rais wa nchi nyingine, tena kwa ulimi kuteleza. Mara zote tatu tulikimbilia kuuliza kwa nini mgeni anatusema.

Niliporudi kumtafuta yule mzee mwaka 2016, kumwambia kwamba sasa nimeuelewa ule swali lake, nilikuta ameshahama Guangzhou. Mwenye duka aliyepanga jirani yake alisema amekwenda Dubai. Simu yake ya China haikupatikana tena. Ile pole aliyonidai kwa mji wake sikuwahi kumpa.

Mwaka 2022 AMISOM iligeuzwa jina ikawa ATMIS, na mwaka 2025 ikawa AUSSOM, na Kenya ikabaki humo. Kwa hiyo barua bado zinaandikwa, mahali fulani, juu ya vijana wetu, na watu wasio sisi.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Yupo kaka pale nyuma amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja Kismayu. Naomba apewe kipaza sauti yeye kwanza.