Kuunga Mfupa si Kuukaza
(Hotuba iliyosomwa barazani mbele ya machifu, walimu na watu wa vijiji)



Nataka kusema machache juu ya mifupa na viungo. Najua ya kuwa katika vijiji vingi yupo mtu ajuaye kuunga, naye huitwa usiku na mchana. Sikuja kumvunjia heshima mtu huyo. Nimekuja kueleza jambo moja, ambalo likishikwa vema litaokoa mikono na miguu ya watoto wetu: mfupa hujiunga wenyewe, kazi ya mwanadamu ni kuunyosha na kuutuliza, wala si kuukaza.

Mfupa ukivunjika, damu hutoka katika ncha zake ikaganda pale pale. Baada ya majuma mawili matatu mahali pale hufanyika kitu kilaini kama gegedu, nacho hutiwa chokaa ya mwili kidogo kidogo hata kiwe mfupa. Mkono wa mtu mzima kwa kadiri huchukua majuma 6 kushikana, na paja majuma 12 au zaidi. Mtoto huunga upesi kuliko hivyo. Hakuna dawa ya kupaka wala kamba ya kukaza iwezayo kuharakisha kazi hiyo.

Sasa sikilizeni hatari yenyewe. Mtoto huanguka mwembeni, mkono ukavunjika karibu na kiwiko. Jamaa hutwaa mabanzi ya mianzi, wakayazungushia kamba kwa nguvu zote, wakidhani kukaza ndiko kuponya. Lakini siku mbili tatu za kwanza mwili huvimba, na uvimbe ukikosa nafasi hubana mishipa ya damu. Nyama isiyopata damu huanza kufa kwa muda wa saa chache tu. Mtoto hulia usiku kucha, naye huambiwa, "Vumilia, mwanangu, ndiyo dawa inaingia." Asubuhi kilio kimekoma, watu wakafurahi, kumbe mkono umekufa ganzi. Baada ya siku chache hufikishwa hospitali mkono ukiwa mweusi, na daktari hana la kufanya ila kuukata. Hapo mkono haukupotea kwa kuvunjika, bali kwa kufungwa.

Basi, shikeni alama hizi. Maumivu yakizidi baada ya kufunga, badala ya kupungua. Vidole vikivimba, vikiwa baridi, au vikifa ganzi. Mtoto akilia sana vidole vyake vikinyoshwa. Au ukibonyeza ukucha ukawa mweupe, na wekundu usirudi upesi: legezeni kamba saa ile ile, na safari ya hospitali ianze, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kungoja mapambazuko ni kuupoteza mkono.

Mtu akivunjika, mvueni pete na bangili mara moja. Wekeni banzi lililozungushiwa pamba au nguo laini, nalo lipite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika. Fungeni kwa kiasi cha kuzuia mwendo tu, na ncha za vidole zionekane. Ikiwa mfupa umetoboa ngozi, funikeni jeraha kwa kitambaa safi. Msitie udongo, wala mavi ya ng'ombe, wala majani; hayo huleta usaha na pepopunda.

Kiungo kilichotoka mahali pake, kama bega, kisivutwe na kila mwenye nguvu, maana mishipa hupita karibu nacho. Kifundo cha mguu kilichoteguka kipumzishwe na kuinuliwa, wala kisikandwe kwa nguvu siku za kwanza. Asiyeweza kukikanyagia hatua nne na apelekwe akapigwe picha. Kano iliyokatwa kwa panga, hata jeraha likiwa dogo, yataka kushonwa hospitali kidole kisipokunjika.

Juu ya uti wa mgongo nasema kwa mkazo. Mtu aliyeanguka kutoka mnazini au kwenye pikipiki, naye analalamika shingo au mgongo, msimketishe wala msimbebe kwa machela ya nguo inayobonyea. Watu wanne au watano wamgeuze pamoja kama gogo moja, na kumlaza juu ya ubao au mlango ulionyoka. Kumkunja kwaweza kumpoozesha miguu maisha yake yote.

Wako wasemao kwamba hospitali na waungaji ni maadui. Wajue habari za Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 katika ukoo wa waungaji wa mifupa wa Anglesey, nchi ya Wales. Baba yake alikuwa muungaji asiye na cheti, naye akawapeleka wanawe kusomea udaktari. Hugh alifundisha ya kuwa dawa kuu ya mfupa ni kutulia, akatengeneza gango la chuma la kushikia mguu. Alikufa mwaka 1891. Lakini katika vita vya 1914 hadi 1918 mpwa wake, Robert Jones, alilieneza gango lile, likaokoa askari wengi waliovunjika mapaja. Ujuzi wa ukoo ulipokutana na elimu, haukupotea, ulizidi.

Kwa hiyo nawaomba machifu mwaite waungaji na kuwaeleza alama za vidole nilizozitaja. Walimu, wafundisheni watoto wazitambue. Nasi wazazi, mtoto aliyefungwa akilia, tusimnyamazishe. Kwanza tutazame vidole vyake.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Aliyeyasikia na amwambie mwenzake.